Jina la Mti Haliimbi

Kuna maradhi yameingia katika ulimwengu wa gitaa, nayo ni maradhi ya majina. Mtu akikabidhiwa gitaa leo, kabla hajagusa hata uzi mmoja, huligeuza akautazama mgongo wake, kisha huuliza: "Huu ni mti gani?" Ukimjibu kuwa ni rozwudi, uso unamng'aa, analipakata kama mtoto mchanga. Ukimjibu kuwa ni mninga, anatabasamu kwa adabu, analigonga kidogo kwa kidole, analirudisha ukutani. Sauti amekwisha kuiamua kwa macho. Masikio yanakuja baadaye kutia sahihi.

Mimi ni seremala, na kwa miaka mingi sasa kazi yangu hapa Morogoro imekuwa kutengeneza magitaa kwa mkono, machache kwa mwaka. Ndugu msomaji, insha hii sikuiandika ili kumfundisha mtu useremala. Nimeiandika kwa hasira, na hasira yenyewe nimeiweka kivulini muda mrefu, kama tuwekavyo mbao mbichi, nione kama itapinda. Haikupinda. Nadai mambo mawili. Kwanza, fundi anayechagua ubao kwa jina la mti hajachagua kitu. Kachaguliwa na mfanyabiashara. Pili, ibada hii ya majina imekwisha kula misitu ya watu wengine, na sasa inanusa ya kwetu.

Tuanze na gitaa lenyewe, maana wengi wanaoligombania hawajapata kuliona kwa ndani. Uzi mtupu hauna sauti ya maana. Ufunge kwenye ukuta wa zege uupige, utasikia mnong'ono tu, kwa kuwa uzi ni mwembamba mno kusukuma hewa. Kazi hiyo hufanywa na uso wa gitaa, yaani ule ubao wa mbele wenye tundu, ambao juu yake limegundishwa daraja linaloshika nyuzi. Uzi hutikisa daraja, daraja hutikisa uso, uso husukuma hewa, na hewa ndiyo inayotufikia masikioni. Sasa tazama mtihani aliopewa fundi. Nyuzi sita za chuma huvuta kwa nguvu ya kilo 70 hadi 80 hivi, uzito wa mtu mzima. Zile za nailoni huvuta kama kilo 40. Uso unaobeba mvuto huo mchana na usiku una unene wa milimita mbili na nusu au tatu, na pengine chini ya hapo. Ukiuacha mnene, gitaa litadumu miaka mia na halitasema neno. Ukiukwangua kupita kiasi, litaimba kama kinanda cha harusi kwa miezi sita, kisha daraja litabinuka na uso utabonyea. Ubunifu wote wa gitaa umo katika upenyo huo mdogo kati ya bubu na maiti.

Chini ya uso hugundishwa vijiti ambavyo mimi huviita mataruma, kama mataruma ya jahazi, kwa sababu kazi yake ni ileile: kuupa ubao mwembamba nguvu bila kuutwisha uzito. Antonio de Torres, fundi wa Almería huko Hispania aliyezaliwa mwaka 1817 na kufariki 1892, aliyatandaza mataruma saba chini ya uso kama vidole vya mkono uliokunjuliwa, na magitaa ya nailoni ya leo karibu yote ni wajukuu wa mpango huo. Huko Marekani, katika miaka ya 1840, karakana ya Martin ilianza kuyapishanisha mfano wa herufi X, na mpango huo ndio uliokuja kuwezesha nyuzi za chuma. Hayo ndiyo mambo yaliyobadili sauti ya gitaa duniani: vijiti, unene, ukubwa wa sanduku.

Tena kuna hesabu moja ambayo ningependa kila mnunuzi wa gitaa aijue. Ugumu wa ubao hauendi sambamba na unene wake. Hukimbia mbele yake. Ukiufanya ubao kuwa mnene maradufu, ugumu wake huwa mara nane. Ukiukwangua asilimia 10 tu, yaani robo milimita katika ubao wa milimita mbili na nusu, umeondoa zaidi ya robo ya ugumu wote. Robo milimita! Ni kama karatasi mbili tatu za daftari. Hapo, penye ncha ya randa, ndipo gitaa huzaliwa au hufa. Nimepokea wateja wa kila namna, na hajatokea hata mmoja aliyeniuliza: "Fundi, uso huu una unene gani?" Wote wameuliza jina la mti wa mgongo.

Sisemi kwamba mgongo hauna kazi. Mgongo na mbavu hufunga hewa ndani ya sanduku, na hewa hiyo ndiyo inayotoa sehemu kubwa ya besi. Mgongo mzito na mgumu hukaa kimya na kuuachia uso kazi. Mgongo mwepesi hutikisika pamoja na uso, ukatia ladha yake kidogo. Lakini tofauti hiyo hutokana na uzito, ugumu na unene, vitu ambavyo fundi aweza kuvipima kwa mizani na kuvirekebisha kwa randa. Haitokani na cheti cha ubatizo cha mti.

Torres alilijua hilo kabla babu zetu hawajazaliwa. Mwaka 1862 alitengeneza gitaa lenye uso wa sprusi kama kawaida, lakini mgongo na mbavu zake akazifanya kwa karatasi ngumu. Naam, karatasi, aina ya ile inayotengenezewa maboksi. Gitaa hilo lipo mpaka leo, limehifadhiwa katika jumba la makumbusho ya muziki mjini Barcelona. Fundi ambaye kila mtengeneza gitaa humwita baba alichukua kitu dhalili kuliko vyote, akakiweka mahali ambapo leo watu wanalipa maelfu ya dola kuweka rozwudi, ili ionekane kwamba uso ndio unaoimba. Zaidi ya miaka 160 imepita, na bado tunabishana.

Kwa wale wasioridhika na hadithi za mafundi, uko ushahidi wa maabara. Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Lancaster, Uingereza, walichapisha matokeo ya jaribio lao. Fundi alitengeneza magitaa sita ya nyuzi za chuma kwa mpango mmoja, yakitofautiana katika mbao za mgongo na mbavu tu: rozwudi ya Brazil, rozwudi ya India, mahogani, mepo, sapele na mjozi. Wapigaji 52 walipewa wayapige katika mwanga hafifu, wamevaa miwani ya giza kama ya mchomelea vyuma, wasiweze kuona wamepakata nini. Wakatoa maksi. Magitaa yote sita yalipata maksi zinazokaribiana, na wapigaji hawakuweza kuyatambua kwa uhakika. Rozwudi ya Brazil, malkia wa matangazo yote, mti unaouzwa kama vito, haikuwashinda wenzake. Wapigaji walipofumbwa macho, malkia alikaa mstari mmoja na wajakazi.

Watanijibu, najua: "Mbona magitaa ya zamani ya rozwudi ya Brazil yanasifika hivyo?" Jibu si gumu. Kwanza, gitaa baya la mwaka 1935 halikutunzwa. Liliachwa kwenye mvua, likavunjwa, likawashia moto. Yaliyobaki ni mateule, na mateule wa mti wowote ni wazuri. Pili, mafundi wa wakati ule walizifanya nyuso zao nyepesi. Tatu, na hili ndilo linaloumiza, kitu kikiuzwa kwa bei ya nyumba, nani atathubutu kusema sauti yake ni ya kawaida? Aliyelipa atatetea alicholipia. Aliyekosa atakitamani. Wahenga walisema nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Sisi tumeufanya mlango kuwa ndio nyumba, tena tunakesha nje tukiusifu.

Watasema pia kwamba huo ni utamaduni, na utamaduni haupingwi. Haya, tuutazame huo utamaduni. Gitaa la flamenko la Hispania lilifanywa kwa mgongo na mbavu za msaipresi. Leo wauzaji wanatuambia kwamba msaipresi ndio "sauti ya asili" ya flamenko, na kijana wa Dar es Salaam anaagiza mbao za msaipresi kutoka ng'ambo kwa bei ya kutisha. Lakini mafundi wale wa Andalusia waliuchukua kwa sababu ulikuwa mti wa nyumbani, mwepesi, wa bei ambayo mpigaji maskini aliimudu. Wakauzoea, wakaujua tabia zake, wakauchongea sauti inayoufaa, na dunia ikaja kuipenda sauti hiyo. Utamaduni wao ulikuwa tendo: kuchukua mti ulio karibu na kuusoma mpaka useme. Sisi tumeliacha tendo, tumeokota jina. Ni sawa na mtu aliyeona jirani yake kanenepa kwa ugali, akaenda kununua sufuria la yule jirani.

Basi ubao huchaguliwaje? Nitasema nifanyavyo mimi, mtu apime mwenyewe. Kwanza nautazama mkato wa mwisho, pale pete za umri wa mti zinapoonekana. Nataka zisimame wima kama askari, yaani ubao uwe umepasuliwa kuelekea moyo wa gogo, kwa sababu ubao wa namna hiyo husinyaa na kuvimba kama nusu tu ya ule uliopasuliwa ubavuni mwa gogo. Pili, ukiwa ni ubao wa uso, nakichukua kipande cha pembeni na kukipasua kwa shoka. Msumeno ni mwongo, hupita popote utakapo; shoka hufuata mishipa ya mti, na hapo naona kama mishipa imenyooka kutoka mwisho hadi mwisho au inatoroka. Tatu, naupima kwa mizani. Nne, naulaza juu ya vipande viwili vya mbao, naweka uzito wa kilo moja katikati, napima umebonyea milimita ngapi. Mwepesi usiobonyea sana, huyo ndiye mchumba. Tano, naushika kwa vidole viwili kama moja ya tano ya urefu kutoka ncha, nauning'iniza, naugonga. Ukijibu "du" na kunyamaza, unarudi kwenye rundo. Ukilia na mlio ukachelewa kufa, naandika tarehe juu yake kwa penseli na kuuweka darini. Mbao mbili za gogo moja zaweza kupishana katika vipimo hivi kuliko mbao za miti miwili yenye majina tofauti. Ndiyo maana nasema jina si kipimo. Jina ni anwani tu. Ukifika nyumbani bado huna budi kubisha hodi na kumtazama mwenyeji.

Kisha liko jambo la hewa, ambalo wauza majina hawalitaji kabisa. Mbao hunywa unyevu wa hewa na kuvimba, hewa ikikauka husinyaa, na hufanya hivyo kwa upana, karibu si kwa urefu. Fundi wa Tanga au Unguja akigundisha mgongo katika masika, ubao ukiwa umeshiba unyevu wa bahari, kisha gitaa likasafiri kwenda Dodoma mwezi wa Septemba, ubao utataka kusinyaa. Mataruma yaliyoukingama hayasinyai kwa urefu wake, yanakataa. Katika ugomvi huo ubao ndio unaopasuka. Nimeletewa gitaa la bei kubwa kutoka ng'ambo, lenye rozwudi halisi isiyo na shaka, limepasuka uso kuanzia daraja hadi chini baada ya kiangazi kimoja tu cha Dodoma. Jina zuri halikulisaidia. Lingesaidiwa na fundi aliyewaza gitaa litaishi wapi. Mimi kazi ya kugundisha huifanya wakati wa kiangazi, au huziweka mbao siku kadhaa katika kabati lenye balbu ya taa inayowaka, na mgongo naupa mbinuko kidogo ili ukisinyaa uwe na pa kwenda. Na hapa ndipo mninga, ule unaorudishwa ukutani kwa tabasamu, unapowazidi wengi: ni katika mbao zinazosinyaa kidogo sana zikikauka. Maseremala wetu wa milango na vitanda wanalijua hilo tangu zamani. Wapenzi wa gitaa hawawaulizi.

Sasa nije kwenye dai langu la pili, maana kama ibada hii ingekuwa inamharibia mtu mfuko wake tu ningeinyamazia. Rozwudi ya Brazil ilikatwa kwa ajili ya samani na ala za muziki mpaka mwaka 1992 ikabidi iwekwe katika orodha kali kuliko zote ya mkataba wa CITES, pamoja na viumbe vinavyokaribia kutoweka. Je, watu walijifunza? Hawakujifunza, walitafuta jina jingine. Mwaka 2012 kampuni ya Gibson ya Marekani ilikubali kulipa adhabu ya dola 300,000 kwa ajili ya mbao nyeusi za Madagaska zilizoingizwa kinyume cha sheria. Huko Kameruni, Bob Taylor, ambaye kampuni yake ya magitaa ilinunua kiwanda cha mbao nyeusi mwaka 2011, alisimulia alichokikuta: wakataji waliangusha miti mingi porini ili wapate mmoja ulio mweusi kote, na ile yenye mistari ya kahawia, tisa kwa kila mmoja, ikaachwa ioze pale ilipoangukia, kwa sababu wanunuzi hawakutaka mistari. Fikiri, msomaji. Ugumu uleule, uzito uleule, sauti ileile. Miti ya umri wa babu zetu iliozeshwa kwa ajili ya rangi. Taylor aliamua kuzinunua zenye mistari na kuzitia katika magitaa yake, na hakuna gitaa lililokataa kulia.

Na sisi tuna mpingo. Hapa watu wetu hunishangaza kuliko wageni. Huyohuyo anayeniomba rozwudi kwa kunong'ona, ukimtajia mpingo anasema, "Aa, ule wa vinyago." Hajui kwamba kwa wataalamu wa miti mpingo ni wa ukoo wa Dalbergia, ndugu wa damu wa ile rozwudi ya Brazil anayoililia, kwamba zumari na klarineti za okestra za Ulaya huchongwa kwa mpingo, mwingi wake ukitoka Tanzania na Msumbiji, kwamba ni mzito kiasi cha kuzama majini. Amelala juu ya mkeka wa dhahabu, anaota shaba ya jirani.

Lakini msinielewe vibaya, nisije nikamfukuza mchawi mmoja na kumfungulia mwingine mlango. Sisemi basi tukimbilie mpingo, tuufanye malkia mpya. Mpingo huchukua miaka sabini na zaidi kufikia kukatwa, nao hukua kwa kujipinda, una mashimo na nyufa, hata ubao mpana wa kutosha mgongo wa gitaa ni wa kubahatisha. Kuangusha miti kumi ili kupata migongo miwili ni dhambi ileile ya Kameruni katika lugha ya Kiswahili. Mpingo mahali pake ni pale panapotaka ugumu katika kipande kidogo: ubao wa vidole wenye urefu usiofika nusu mita, na daraja linaloenea kiganjani. Vipande vya kiasi hicho vimejaa katika mabaki ya wachongaji. Tangu mwaka 2017 miti yote ya ukoo wa Dalbergia, ukiitoa ile rozwudi ya Brazil iliyo katika orodha kali zaidi, imo katika orodha ya pili ya CITES; ala zilizokamilika zikaondolewa sharti hilo mwaka 2019, lakini magogo na mbao zake bado zinafuatiliwa. Na mwishoni mwa mwaka 2022, katika mkutano wa Panama, mninga, mkongo na mkangazi wa Afrika nao waliingizwa katika orodha hiyo. Anayedhani kwamba mti kuwa wa kwetu maana yake ni mwingi, hajapita porini siku za karibuni. Vijiji vya Kilwa vilivyopata cheti cha FSC mwaka 2009 kwa kuvuna mpingo kwa hesabu vimetuonyesha kwamba msitu unaweza kumlisha mwenyewe bila kuisha. Lakini hesabu hiyo haiwezi kustahimili mnunuzi anayetaka ubao mweusi mpana usio na doa.

Kwa hiyo migongo yangu mingi hutoka mahali pasipotangazwa. Kitanda cha mninga cha miaka arobaini, kilichovunjika miguu na kutupwa uani, ni hazina: ubao umekwisha kukauka, umekwisha kupinda kama ulitaka kupinda, umekwisha kutulia. Mlango wa mkongo uliong'olewa nyumba ilipobomolewa. Msaji uliopandwa kwa mkono na kuvunwa kwa zamu. Mashimo ya misumari huyaziba au huyakwepa, na pengine huliacha moja lionekane. Kwa uso sina unafiki: mara nyingi hununua sprusi kutoka Ulaya, kwa sababu penye uso wepesi na ugumu havina mbadala rahisi, na uso mzima wa gitaa una uzito wa gramu 150 hivi tu, kutoka misitu inayopandwa upya. Misaipresi ya mashamba yetu ya milimani nayo naijaribu, nikiwatafuta wazee waliokua polepole, maana mti uliokimbia kukua huwa na pete pana na ubao unaobonyea. Baadhi yake imefaulu mtihani wa kilo moja. Iliyofaulu nimeitia uso, na wateja walioipiga kabla ya kuuliza wameinunua.

Mnaponiona mkali kwa wauzaji, mjue ninachokiona. Kijana mmoja aliniletea gitaa alilolinunua dukani, jijini, kwa akiba yake ya mwaka mzima. Ndani ya tundu palibandikwa karatasi iliyoandika rozwudi kwa herufi za dhahabu. Lilikuwa limeanza kuachia gundi ubavuni. Nilipolifungua nilikuta plaiwudi mbele, plaiwudi nyuma, na rozwudi yenyewe ni ngozi nyembamba kama ganda la yai iliyogundishwa juu ili macho yashibe. Muuzaji hakusema uongo wote, rozwudi ilikuwapo. Kijana aliomba jina, akauziwa jina. Angefundishwa kusikiliza, fedha ileile ingempatia gitaa lenye uso halisi wa ubao mzima na mgongo wa mti wowote, na angekuwa anapiga leo badala ya kulipia matengenezo.

Mwaka 1952 Hugh Tracey alimrekodi Mwenda Jean Bosco huko Jadotville, mji wa Katanga unaoitwa Likasi sasa. Kwa gitaa moja na vidole viwili Mwenda alifanya mambo ambayo wapigaji wa Ulaya na Marekani wameendelea kuyakalia chini na kuyajifunza, noti kwa noti. Wimbo wake Masanga umevuka bahari. Watu wamebishana juu ya vidole vyake, juu ya namna alivyopishanisha besi na sauti ya juu. Mgongo wa gitaa lile ulikuwa wa mti gani, sijapata kumsikia hata mmoja akiuliza. Muziki ukiwepo, swali hilo hufa lenyewe. Likiulizwa sana, tujue kuna kitu kingine kimepungua.

Basi nawaambia wapigaji: mkienda kununua gitaa, mwombeni mwenzenu alipige nanyi mmegeuka ukutani. Likiwagusa, ndipo mgeuke mlitazame. Ulizeni uso ni ubao mzima au plaiwudi, ulizeni mbao zilikaushwa wapi na kwa muda gani, na ulizeni litatengenezwa na nani likipasuka. Wauzaji nawaambia andikeni ukweli kwenye karatasi yenu ya dhahabu: ngozi ya rozwudi juu ya plaiwudi. Na nyinyi vijana mnaoanza ufundi huu, ambao kila mwaka mnanijia mkiwa na picha za magazeti ya ng'ambo na orodha za miti msiyopata kuigusa, zikunjeni hizo orodha. Nendeni uani kwa bibi mkatafute kitanda kibovu. Pimeni, pasueni, gongeni, sikilizeni, mwandike mlichosikia. Mkiisha kutengeneza magitaa kumi kwa mbao mnazozifahamu, hapo mtu akiwauliza "Huu ni mti gani?" mtakuwa na haki ya kumjibu: "Kwanza lipige."